Nani Atamzika Tabitha

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Apewe sifa tena, maana leo nimesimama mbele yenu nikiwa naogopa, na wanaonijua watashangaa, kwa sababu Mama Tabitha hana desturi ya kuogopa watu. Mimi ndiye yule fundi cherehani wa Igogo, mwenye kibaraza karibu na njia ya kushukia ziwani. Kanzu za kwaya mnazoziona hapa nimezishona mimi. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na moja, na katibu wa baraza la wazee miaka saba, na nina mdomo, sikatai. Mungu amenitoa kwenye woga mkubwa. Woga huo nilikuwa nimeupa jina zuri, nikauita uaminifu. Nataka niwaeleze ilivyokuwa, bila kuficha kitu.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa soko huria lilipoingia. Waliokuwa kwenye viwanda vya serikali wakapunguzwa kazini, baba mzima unamkuta amekaa nyumbani saa nne asubuhi hajui aweke wapi mikono yake. Mitumba ikaja kwa marobota, na gauni ambalo mimi nashona siku mbili mtu akawa analipata sokoni kwa bei ya vifungo vyangu. Viwanda vya watu binafsi vikafunguliwa kando ya ziwa, minofu ya sangara ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukaachiwa mapanki, yaani vichwa na migongo ya samaki, ambayo kina mama waliyakaanga na kuyauza. Mama ambaye mume wake hana kazi akaanza kupika pombe uani. Binti akaenda kutafuta kibarua kiwandani, akarudi na mimba.

Na kanisa letu lilifanya nini, ndugu zangu? Lilitenga!

Walio wageni wa desturi yetu niwaeleze. Mtu akikutwa na kosa, baraza la wazee linakaa, linapiga kura kwa kunyoosha mikono, na Jumapili jina lake linasomwa kwenye matangazo, baada ya habari za kwaya na kabla ya habari za mavuno. Kuanzia hapo haendi Mezani kwa Bwana, haimbi kwaya, mtoto wake habatizwi. Akitaka kurudi, asimame hapa mbele, aliseme kosa lake kwa kinywa chake watu wote wakisikia, ndipo mzee ampe mkono. Na akifa kabla ya kurudi, kanisa halimziki. Mchungaji haendi, kwaya haiendi, kengele haipigwi. Daftari la waliotengwa nilikuwa nalo mimi. Matangazo nilikuwa nasoma mimi.

Nilisoma majina ya wapika pombe. Nilisoma majina ya wenye wake wawili, ya mabinti wenye mimba, ya vijana waliochukuana bila ndoa. Wengi hawakurudi. Nani anataka kusimama mbele ya majirani zake aseme jambo ambalo majirani wamelimaliza kulisema kisimani? Wengine wakaenda kwenye mikutano ya makanisa mapya yenye vipaza sauti kule Buzuruga. Kila Jumapili mabenchi yakawa yanapungua watu, na sisi tuliobaki tukawa tunasogea mbele ili tusione mapengo yaliyo nyuma.

Halafu ikafika zamu ya nyumbani kwangu. Tabitha, mwanangu wa pekee, aliyekuwa anaongoza sauti ya kwanza, alipata mimba ya dereva wa gari la samaki, na dereva hakuonekana tena. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Siku baraza lilipokaa, mwenyekiti wetu Mzee Lubango alisema kwa upole kwamba kama nataka nitoke nje wakati wa kura. Nilikataa. Niliogopa wasije wakasema Mama Tabitha ana sheria ya watu na sheria ya mtoto wake. Ndugu zangu, mkono wangu ndio ulionyooka wa kwanza! Jumapili nikasoma jina lake kwa sauti ile ile ninayosomea mengine, na yeye amekaa pale benchi la nne ananitazama. Wiki hiyo alihamia Mkolani, akapanga chumba, akaanza kukaanga mapanki. Miaka mitano nilikuwa namwona sokoni, nazunguka upande wa pili.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Alikuwepo mama mmoja, Mama Yohana, mpika pombe, tuliyemtenga. Alifariki kwa homa ndani ya siku tatu. Kengele yetu ni kipande cha chuma cha reli, na nyundo yake inakaa kabatini, ufunguo ninao mimi. Mwanawe Yohana, mtu mzima na familia yake, alikuja kibarazani kwangu, akavua kofia, akaniomba nyundo apige mwenyewe, basi, hataki mchungaji wala kwaya. Nilimjibu kwamba utaratibu haumruhusu. Akashukuru, akaondoka. Mama Yohana alizikwa na majirani zake Waislamu waliochimba kaburi na wanawake wauza mapanki walioimba bila kiongozi. Mimi nilikuwa nashona, na kutoka barazani nilisikia wakiimba.

Sasa sikilizeni jinsi Bwana alivyoanza kunifunga njia. Barua ilikuja kutoka makao makuu ya kanisa. Ilisema sharika ndogo zitaunganishwa na nyingine, na sisi Igogo tumo kwenye orodha. Kabla ya uamuzi, kila usharika uandike ukurasa mmoja tu na kujibu maswali mawili: Ninyi ni nani? Mmewekwa hapo kwa kazi gani? Tupeleke kufikia mwisho wa mwezi.

Baraza likanipa mimi niandike, kwa kuwa ndiye katibu na hati yangu inasomeka. Nikaona ni kazi ya saa moja. Nikaandika habari za wazee waliotuletea Injili, nani alifyatua matofali, nani alileta mabati. Nikafika swali la pili nikakwama. Kazi gani? Nikaandika, tunasali kila Jumapili. Nikafuta. Nikaandika, tuna kwaya. Kwaya ilikuwa na watu sita, na wawili hawasikii vizuri. Nilimwendea Mzee Lubango, naye akaniambia niandike kwamba sisi ndio tuliobaki bila kupotoka. Nikarudi nikaandika hivyo hivyo, "Sisi ndio tuliobaki." Nikayatazama maneno yale kwenye karatasi, nikayafuta. Siku zinakwenda, ukurasa mweupe. Nilikuwa naogopa kanisa litafungwa mikononi mwangu, na watu watasema lilifia kwa Mama Tabitha.

Katikati ya hofu hiyo ikaja nyingine. Mama mmoja wa Mkolani alipita kibarazani, akasimama bila kukaa, akaniambia Tabitha anaumwa, anakohoa, amekwisha. Hakusema ni ugonjwa gani. Siku hizo mtu akikonda watu walisema kakanyaga miwaya, maana UKIMWI hakuna aliyeutaja kwa jina, wakashusha sauti. Yule mama aliponiaga nilimjibu nitakwenda kesho.

Sikwenda kesho. Sikwenda wiki nzima, wala ya pili! Ndugu zangu, mniangalie vizuri, mimi ni mama niliyezaa, na nilikaa siku kumi na tano nikijua mtoto wangu anaumwa. Kila asubuhi nafunga kitenge, nafika njiani, narudi. Naogopa kuonekana mzee wa kanisa anaingia nyumba ya aliyetengwa. Naogopa kumkuta ana ugonjwa huo. Na chini ya hofu hizo kulikuwa na nyingine ambayo sikutaka kuitazama. Nilikuwa najua kanuni, niliiandika mimi kwa kalamu. Tabitha akifa leo, hakuna mchungaji, hakuna kwaya, hakuna kengele. Na Yohana yuko hai, na anakumbuka. Nakaa kwenye cherehani nakanyaga pedeli hakuna kitambaa.

Siku ya kumi na sita ilikuwa Alhamisi. Mguu ulikwenda, sijui hata kama nilifunga mlango. Nilifika Mkolani alasiri, nikaelekezwa chumba. Nilitegemea kumkuta peke yake. Nikakuta ndala na viatu vimejaa mlangoni, na ndani wanawake kama tisa wamekaa chini, wanaomba. Kando kuna sufuria kubwa ya uji imefunikwa kanga. Nikawatambua mmoja mmoja. Karibu wote majina yao nilikuwa nayo kwenye daftari!

Aliyekuwa anaongoza maombi ni Nyanzala, mpika pombe, mtu niliyemsoma kwenye matangazo miaka minne iliyopita. Aliponiona aliinuka, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya sisi Wasukuma. "Shikamoo, mama mzee."

Mtu huyu nilikuwa nakutana naye njiani simsalimu. "Marahaba," nikasema.

Tabitha alikuwa amelala kwenye mkeka, mgongo umeegemezwa gunia la nguo. Macho yamekuwa makubwa. Pembeni yake kuna mtoto, Imani, mjukuu wangu, anakaribia miaka mitano na sikuwahi kumbeba. Nikapiga magoti. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani yote yalipotea. Tabitha ndiye aliyezungumza, polepole, anapumzika katikati.

"Mama, nikifa, nani atanizika?"

Ndugu zangu, mimi mwenye mdomo! Mimi ninayejibu maswali ya kipaimara bila kufungua kitabu! Sikuwa na jibu. Nililia mbele ya wale wanawake, nikalia mpaka Nyanzala akanishika bega. Nikamwambia Tabitha anisamehe. Akasema alishanisamehe zamani, na dhambi yake alishamwambia Mungu wiki ile ile, ila sisi wazee hatukurudi kumuuliza.

Nilipotulia niliwauliza wanafanya nini pale. Walinieleza kama watu wanaoeleza jambo la kawaida. Kila Alhamisi wanakutana, wanaomba, wanapika uji, wanagawana njia. Wengine wanapeleka wodini kwa wagonjwa wasio na ndugu, wengine wanapita majumbani kwa wale ambao watu wanaogopa kuwagusa, wanawaogesha, wanafua mashuka. Walianza baada ya kumzika Mama Yohana, kwa sababu siku ile waliogopa sana, kila mmoja alijiona yeye ndiye anayefuata. Tabitha alikuwa mmoja wa walioanza. Sasa imefika zamu yake kuogeshwa.

Nikauliza swali la ile barua, maana lilikuwa haliniachi. Nilidhani watanitajia moja ya makanisa mapya. "Sasa ninyi ni nani? Ni wa kanisa gani?"

Nyanzala alinishangaa. "Si ni wa usharika wa Igogo, mama mzee? Tumetengwa tu. Haya ya wagonjwa si ulitufundisha wewe, darasa la kipaimara?"

Nilitoka pale. Nilikuwa nimelitafuta kanisa langu kwenye karatasi wiki tatu, kumbe liko Mkolani linachemsha uji. Jioni ile ile nikakaa nikaandika ule ukurasa, na haukujaa. Maneno yalikuwa haya: "Sisi ni watu wa Igogo tuliowatenga ndugu zetu. Kazi tuliyopewa wanaifanya wao kila Alhamisi, huko Mkolani. Tunaomba muda tuwafuate."

Lakini msifikiri hofu iliisha. Ilizidi! Baraza lilikuwa halijauona ukurasa huo, na nilijua nikiupeleka kwenye kikao utajadiliwa mpaka mwezi uishe. Mimi ndiye msoma matangazo. Jumapili ilipofika nikasoma habari za kwaya, na pale ambapo huwa nasoma majina, nikaweka daftari chini, nikashuka, nikasimama hapa wanaposimama wenye kutubu. Nikasema kwa sauti kwamba nilimnyima Yohana nyundo ya kumzikia mama yake. Nikasema nilinyoosha mkono kumtenga mwanangu kwa kuogopa maneno ya watu, si kwa kumwogopa Mungu. Nikasema nimekaa siku kumi na tano nikijua anaumwa. Halafu nikasoma ule ukurasa.

Mchungaji wetu, kijana tuliyeletewa mwaka ule, alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee Lubango akainuka benchi la mbele, akaja taratibu na fimbo yake, akaniomba daftari. Nikajua basi, sasa ananiandika. Kusema kweli niliona ni haki. Nikampa.

Hakuandika. Alivaa miwani akaanza kusoma majina, tangu ukurasa wa kwanza. Alisoma yote, aliyekufa na aliye hai, bila kutaja kosa la mtu. Alipofika jina la Petro, mwanawe mwenyewe, ambaye tulimtenga akaenda machimboni Geita, na ambaye jina lake halikutajwa nyumbani kwao tangu siku ile, sauti ikakatika. Akarudia, "Petro Lubango," akaendelea. Alisoma na la Tabitha, na alipomaliza yote alifunga daftari akatugeukia.

"Hawa tuliwaambia waje wasimame hapa. Hawakuja. Sasa tutakwenda sisi."

Tukaenda, ndugu zangu! Wazee wawili wawili, kwa miguu, wiki nne. Sitawadanganya kwamba wote walifurahi. Wengine walikataa kutufungulia. Mmoja alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akatuonyesha njia. Wengine wameshika imani yao kwenye makanisa mapya na wana amani, tukawaombea baraka tukaondoka. Kwa Yohana nilikwenda mwenyewe. Hakunikaribisha ndani, tulizungumza mlangoni, na mpaka leo hajarudi kanisani. Nimeacha kumwomba arudi, ila kila tukikutana namsalimu, naye siku hizi anaitika.

Tabitha tulimpeleka hospitali kesho yake baada ya matangazo yale, mimi na Nyanzala tumemshika huku na huku. Daktari alisema ni kifua kikuu, akaandikiwa dawa za miezi mingi. Mengine aliyoambiwa na daktari ni yake na Mungu wake. Aliporuhusiwa kurudi chumbani kwake alikuwa bado hawezi kutembea hadi Igogo, kwa hiyo Jumapili ya kuwarudisha watu, ibada ilipokwisha hapa, kanisa zima lilifunga safari. Tulikodi gari la mchanga, wazee tukapandishwa kwa kusukumwa, kwaya ikaimba njia nzima. Watu wa Mkolani walitoka nje kutazama, wakadhani ni harusi.

Chumba hakikututosha, tukajaa uani. Mchungaji alimpa Tabitha Meza ya Bwana pale pale kwenye mkeka. Imani akabatizwa kwa maji ya jagi. Na kwa desturi ni mzee ndiye anayetoa mkono kwa anayerudi, lakini siku ile Mzee Lubango alisema mkono utoke kwa waliotengwa, sisi ndio tupokelewe. Akawa wa kwanza kuinama kupokea mkono wa Tabitha. Mimi nikafuata. Nilipomshika, nilikuwa na jibu nililokosa siku ya kwanza, nikalisema mbele ya wote.

"Uliniuliza nani atakuzika. Ni sisi, mwanangu. Sote."

Tabitha alitutazama tulivyojazana mlangoni, na wengine wanachungulia dirishani. Akatabasamu, tabasamu lake la zamani la kwenye kwaya.

"Basi sifi sasa hivi, mama. Nilitaka kujua tu."

Na hakufa, ndugu zangu! Bwana atukuzwe! Ule ukurasa tulipeleka vilevile, na makao makuu wakatupa mwaka mmoja, halafu waje waone. Walipokuja tuliwapeleka Alhamisi, si Jumapili. Wakashika ndoo za uji kama wengine. Usharika wa Igogo haujaunganishwa na mtu. Ninyi mliobanana kwenye mabenchi leo mnajua wenyewe.

Je, sasa siogopi? Naogopa. Tabitha akikohoa usiku mmoja tu, moyo wangu unaruka. Sijui Bwana ameniachia miaka mingapi ya kuwa naye, na sitasimama hapa kuwaahidi ambacho sikuahidiwa. Ila hofu ile iliyokuwa inanizuia nisiende kwa mtoto wangu, hiyo Bwana ameikata. Sasa nikiogopa, naondoka nakwenda nikiwa naogopa hivyo hivyo, na huwa nakuta Yeye amefika kabla yangu.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wanawake wa Alhamisi mlionilelea mwanangu nilipomkimbia. Na wewe uliyesimama nje ya dirisha, nimekuona tangu nilipoanza, hujui kama jina lako bado limeandikwa mahali. Ingia, ndugu yangu. Mtegemee Bwana, Yeye hakungojei uje usimame mbele ya watu. Na sisi wengine tusisubiri kumzika mtu ndipo tukubali kwamba alikuwa wetu. Mpisheni hapo mlangoni, apite.